Makaratasi ya Bonbon Chini ya Viti

Show ikiwa nzima, chini ya viti kunakuwa kuchafu. Hakuna mtu alinifundisha hiyo. Nilikuwaka nafagia ule ukumbi kila asubuhi, mwaka ule baada ya mpira wa dunia, wakati watoto bado wanapuliza vuvuzela barabarani bila sababu. Wiki ya kwanza ya ile show nilitoa makaratasi ya bonbon, zile pipi, kwa mfuko, popcorn, vijiti vya ice cream, hereni moja. Siku moja nikaokota meno ya mtu mzima, yale ya kuvaa. Nikayapeleka kwa dirisha la tiketi, hakuna aliyekuja kusema ni yake. Nani atakuja? Hata mimi ningenunua mengine, ningenyamaza.

Wiki ya tatu bonbon zikapungua. Kisha asubuhi moja nikapitisha ufagio kwa mistari ya nyuma, ufagio ukarudi vile ulienda. Safi. Nikasimama pale, nikapitisha tena.

Mtoto wangu wa mwisho, msichana, alikuwa anaimba ndani ya ile show.

Na ni mimi nilimwambia wanatafuta waimbaji. Kwa mchezo tu! Alikuwa anasuka nywele kwa salon moja mjini, ana kiti chake, kioo chake, wateja wake, na kutwa nzima anaimba juu ya vichwa vya watu. Nikamwambia, wewe unayewapigia wateja kelele, kuja upige kelele kwetu, iko nafasi. Akaja. Wakamchukua. Alirudi nyumbani analia, nikafikiri ameshika mimba.

"Mama, nimepata kazi ya kuimba."

"Ya kanisa?"

"Ya mshahara."

"Nani analipa mtu kuimba?"

"Wenye kununua tiketi, mama."

Patronne, mwenye salon, ni mtu wa Kinshasa, anaongea na pua, maneno yanatoka kama yamevaa viatu virefu. Akamwambia: "Ma chérie, kiti nakushikia mpaka mwezi uishe. Mwezi ukiisha na wewe bado unaruka-ruka kule, nampa mwingine. Mimi haniko gereji ya kupaki viti."

Kwa hiyo unaona. Show ikifa pale katikati, mtoto wangu hana stage, hana kiti. Na kodi ya nyumba haiulizi kama umeimba vizuri.

Ile show ilikuwa ya wasichana wa kiwanda cha nguo. Wanashona, wanapenda wanaume wabaya, wanagoma, wanacheza. Wengi sana, na wote wanapiga miguu kwa nguvu mpaka vumbi inashuka kutoka juu, na vumbi ile ni mimi naifagia. Mtoto wangu alikuwa mmoja wa wale wa nyuma. Lakini kwa sehemu ya pili wengine wanatoka, yeye anabaki amekaa juu ya mzigo wa vitambaa, anaimba peke yake. Kipande kifupi. Ukienda kuchota maji ukirudi, umekikosa. Mimi nilikuwa nasimama nyuma kabisa na aproni yangu, kila jioni, nashika pumzi mpaka amalize. Akimaliza napumua, kama vile nimebeba gunia na mtu ameniambia weka chini.

Meneja wa ukumbi alikuwa Mhindi wa hapahapa Durban, mrefu, mwembamba, funguo zinamlilia kiunoni kama mbuzi. Mtu mzuri. Alikuwa ananiita aunty, na akiwa na shida anakuja kuimwaga kwangu, mimi nafagia, yeye ananifuata nyuma.

"Aunty, Joburg show inakaa mwaka. Mwaka, man! Overseas inakaa mpaka waimbaji wanazeeka mle ndani, wanabadilishwa kama balbu, show inaendelea. Hapa kwetu? Jua likitoka, watu wako beach. Mvua ikinyesha, watu wako nyumba. Niambie, mimi nitawauzia tiketi siku gani?"

"Siku ya mawingu," nikamwambia.

Hakucheka. Hapo nikajua ni mbaya.

Akanieleza kitu ambacho sikujua. Kwamba watu wa leo siyo wanaoishikilia show. Ni watu wa wiki ijayo, wale wanaonunua leo tiketi ya siku ambayo haijafika. Hao wakikosekana, show inatembea lakini imeshakufa, haijaambiwa tu. Basi kutoka siku ile nikawa napita kwa dirisha la tiketi hata kama sina kazi pale. Msichana wa dirisha alikuwa anapaka rangi kucha. Nikipita asubuhi, mkono wa kushoto. Nikipita mchana, mkono wa kulia. Siku nilimkuta amevua kiatu anapaka za mguu, nikaenda chooni nikakaa juu ya ndoo.

Nyumbani sikusema. Mtoto ananiuliza, "Mama, watu walikuwa wengi jana, eh? Taa inanipiga machoni, mimi sioni." Namjibu, "Walikuwa wengi." Anakula. Mimi nazungusha kijiko.

Sasa, patron wa ile show, mwenye mali, alikuwa anakaa Joburg. Meneja akakuja na habari: patron anakuja Alhamisi kuangalia, na Jumamosi atasema. Ama wanafunga mwisho wa mwezi, ama wanaendelea mpaka Pasaka.

"Sitaki aone viti, aunty. Viti anavyo vyake kule. Nataka aone watu. Leta watu wako, wa bure, wote."

"Wote?"

"Jaza. Mpaka mlangoni."

Hakujua anachoomba, maskini.

Kanisa letu, la sisi tuliotoka Lubumbashi na Kinshasa, liko Jacobs, ndani ya ghala ya zamani, katikati ya viwanda. Ukiomba na macho yamefungwa unasikia harufu ya rangi na mafuta. Jumapili pasta akanipa nafasi. Nikasema, mtoto wetu anaimba, tiketi ni bure, Alhamisi. Watu wakapiga makofi. Kisha akainuka presidente wa wamama.

Huyu ni lazima umsikie. Ni mtu wa Lubumbashi, mnene, anatembea kama mchanga wa chini ni wake na anakagua kama umepungua. Ana sakoshi kubwa, mkoba wa kufungwa na chuma, na hasemi neno kabla ya kukohoa.

"Hum-hum. Maman, asante. Tutakuja. Lakini sisi haturudi nyuma, na hatuendi mahali na mikono mitupu."

Nikafikiri anasema chakula. Nikasema haraka: "Chakula hapana! Hawataki chakula mle ndani. Simu mnazima. Watoto wadogo mnaacha. Mtu wa stage akiongea, wewe usimjibu, haongei na wewe." Nikasema yote. Na saa nikawadanganya: show inaanza saa moja na nusu, mimi nikawaambia saa kumi na moja. Nawajua watu wangu.

Walifika saa moja. Meneja alikuwa amekwisha kutafuna kalamu. Taxi tatu, zile basi ndogo, zikasimama mbele, wamama wakashuka na bikwembe vipya, vitenge vya sikukuu, vitambaa vya kichwa vimefungwa juu kama mabati ya nyumba, manukato mpaka barabarani. Wakaingia, wakajaza. Watu walionunua tiketi zao, wale wanaokuja na magari kutoka Westville na Queensburgh, wakawa wanageuza shingo. Mwanamke mmoja mzungu alikaa nyuma ya kitambaa cha presidente. Akasogea kushoto, kitambaa kikaenda kushoto. Akasogea kulia, kikaenda kulia. "Excuse me," sauti kama ya panya mgonjwa. Presidente akageuka: "Karibu sana, maman," akampa bonbon.

Patron alikaa katikati. Mtu mfupi, viatu vyeupe vya kukimbilia, anatafuna big-gi mdomo umefungwa. Akaangalia ukumbi wote. "Nice," akasema kwa meneja, na meno hayakuachana. Meneja alishika funguo zake kwa mikono miwili zisilie.

Sehemu ya kwanza ikapita vizuri. Wamama walicheka pale pa kucheka na pale pasipo pa kucheka. Mimi nyuma, nashika ufagio kama mtu ameniambia ukianguka tumekwisha.

Sehemu ya pili ikaanza. Mtoto wangu akakaa juu ya mzigo wake, akaimba. Siku ile sijui alikuwa na nini. Labda alisikia harufu ya watu wake. Sauti ilitoka chini, kule ambako mtu anaweka vitu asivyosema. Nikashika pumzi.

Na hapo ndipo nikasikia: tak! Sakoshi ya chuma imefunguka.

Mungu wangu. Nilikuwa nimewakataza kila kitu isipokuwa kile kimoja, na sikukikataza juu hakikunipita hata kichwani. Kwetu mwimbaji akikugusa, unainuka, unaenda mbele, unambandika noti kwa paji la uso. Jasho lake linaishika. Ni asante, basi. Ukibaki umekaa umekunja mikono, watu watasema huyu mtu ana moyo wa jiwe. Nani anakumbuka kumkataza mtu kusema asante?

Presidente aliinuka. Akashuka kwa njia ya katikati, polepole, anakagua mchanga wake. Nikapiga hatua mbili na ufagio, nikachelewa. Akapanda ngazi ndogo ya kando, akaingia kwa kiwanda cha nguo, akakohoa, "Hum-hum," ukumbi mzima ukasikia. Akachukua noti ya twenty rand akaibandika kwa paji la mtoto wangu, pa! Kisha akacheza kidogo, mabega tu, kama mtu mwenye heshima zake.

Nyuma yake wamama wote wakaanza kuinuka.

Meneja aliachia funguo. Zikaanguka. Yule mwanamke mzungu akauliza, "Is it... is it part of it?" Na pembeni yake alikuwa amekaa Mkenya mmoja, mwalimu wa universite, suti, miwani. Huyo wala hakuwa wangu, alinunua tiketi. Na unajua Wakenya, hawakubali kukuambia sijui. Akavuta tai yake: "Of course it's part of the show. Very traditional." Basi wazungu wakaanza kupiga makofi.

Wapiga muziki wakaona watu hawaishi, wakazungusha wimbo. Kipande kifupi kikawa kirefu. Mtoto wangu anaimba, noti zinashika, zinateleza, moja imefunika jicho, anaimba. Na jicho lile lingine nikaona linatafuta nyuma, kwenye giza, linanitafuta mimi. Nikainua mkono na ufagio ndani yake. Sijui kama aliona. Taa inampiga.

Ilipokwisha, patron aliondoka. Hakusema nzuri, hakusema mbaya. Meneja akakuja mbele yangu: "Aunty. Aunty. Aunty." Mara tatu, basi, akaenda kutafuta funguo zake.

Ijumaa asubuhi chini ya viti kulikuwa kuchafu kuliko siku zote. Bonbon, karanga, mifupa ya kuku, ndiyo, mifupa, na nilikuwa nimesema. Siku nyingine ningefurahi. Siku ile nilifagia kama nafagia matanga. Mtoto hakunifokea. Ingekuwa afadhali anifokee. Alikaa anakunja zile noti moja juu ya nyingine, anazikunjua. Simu ikalia, patronne wa salon: "Ma chérie, mwezi unaisha. Kiti kinaniuliza." Akamjibu, "Nitakuambia Jumamosi." Usiku mimi nikasikia anageuka kitandani, na yeye alinisikia mimi nageuka, kila mmoja anajifanya amelala.

Jumamosi mchana wakaitwa wote stejini. Mimi nikasimama kando na ndoo, hakuna aliyenifukuza. Patron akatafuna, akatafuna.

"Wale wanawake wa Alhamisi. Ni wa nani?"

Meneja anaangalia dari. Mimi nikaweka ndoo chini.

"Ni wangu," nikasema.

Akaniangalia, akaangalia ndoo. "Nawataka kila jioni. Si wote. Yule wa mbele, na wawili watatu nyuma yake. Kila jioni, palepale, tunaenda mpaka Pasaka."

Wasichana wakapiga kelele, wakamrusha mtoto wangu juu. Palepale akapiga simu salon: "Mpe mwingine kiti." Nikataka kumwambia ngoja kwanza. Sikuwahi. Maana mimi nilikuwa nimeshaanza kuwaza: nani ataenda kumwambia presidente?

Nilikwenda mwenyewe, na sabuni ya kuogea ya zawadi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hum-hum. Maman. Mimi nilimtunza mtoto juu ya vile aliniliza. Sasa kesho anilize saa ileile, niinuke saa ileile? Mimi ni robot, ile taa ya barabara, niwake nyekundu kila gari likija?"

"Watakupa noti wao, ya kuchezea. Hutoi kitu."

"Ya kuchezea!" Hapo hakukohoa hata. "Nimbandike mtoto wetu karatasi ya uongo usoni? Chukua sabuni yako."

Sabuni sikuchukua, lakini nilirudi nyumbani nimevunjika. Kiti cha salon kimeenda. Jumanne inakuja, ukumbi unafunguka tena. Namweleza mtoto, na unajua mimi siwezi kueleza maneno ya mtu bila sauti yake. Nikakohoa, nikashika sakoshi ambayo haiko, nikatembea kutoka mlangoni mpaka kwenye jiko nikikagua mchanga. Mtoto akacheka mpaka akakaa chini, ndiyo kwanza anacheka tangu Alhamisi. Kisha akainuka. Akaniangalia vibaya.

"Mama. Fanya tena."

Ndiyo hivyo. Jumanne saa ya sehemu ya pili nilivua aproni, nikavaa kikwembe changu cha harusi za watu, nikafunga kichwa juu kama mabati. Wasichana wawili wa dirisha na wa mlango wakanifuata nyuma. Nikashuka njia ya katikati. Ile njia nimeifagia miaka, siku ile ilikuwa ndefu kama ya Lubumbashi. Tak! Hum-hum. Watu wakageuka. Nikapanda, nikambandika mtoto wangu ile noti ya uongo. Ikaanguka. Nikaiokota, nikabandika tena, ikaanguka tena. Ukumbi wote unaangalia mgongo wangu.

Kwenye taxi akaniambia: "Ile karatasi iko baridi, mama. Inateleza. Na mimi sikulia kama ile Alhamisi."

Kesho yake nikachukua twenty rand ya kweli. Ikashika. Kwenye taxi akanirudishia mkononi, mimi nikaiweka kifuani, jioni nikambandika tena. Ileile, kila jioni. Mpaka ikawa laini kama kitambaa cha kufutia mtoto pua, na yule mnyama aliyechorwa juu yake karibu afutike.

Watu wakakuja. Mtu anamwambia jirani yake, nenda uone pale wanapopanda na pesa. Wengine wakaanza kupanda na noti zao, wazungu, Wahindi, wanacheza vibaya, Mungu awasamehe. Msichana wa dirisha alibaki na mkono mmoja umepakwa rangi nusu. Lakini usifikiri nilipumua. Sasa nilikuwa na hofu mbili, moja ya asubuhi na moja ya jioni. Asubuhi nainama chini ya viti kabla ya kuvua koti, natafuta makaratasi. Yakiwa kidogo, sili. Jioni naogopa goti, naogopa ngazi, naogopa nitakohoa kikohozi cha kweli.

Na naogopa presidente. Alikuja siku moja, alinunua tiketi yake, hakuniambia. Nilimwona nikiwa katikati ya njia, natembea kama yeye, mbele ya macho yake. Ningekimbilia wapi? Nikaendelea. Jumapili kanisani akanishika mkono.

"Hum-hum. Yule maman wenu anatembea vizuri. Ni nani?"

"Ni mtu wa kazi tu," nikasema.

"Ana heshima," akasema, na akanirudishia sabuni yangu, ameifungua, ameitumia nusu. Mpaka leo sijui kama alijua.

Ikafika Pasaka. Patron akasema show inaenda Joburg, kwa ukumbi mkubwa, na mtoto wangu anaenda nayo. Kwa ile nafasi yangu walikuwa na mwanamke wa kule, mwigizaji wa kweli, mwenye shule. Mimi hawakuniuliza. Jioni ya mwisho nilimbandika, pa, nikacheza mabega. Kwenye taxi nikanyoosha mkono. Hakunirudishia. Aliangalia nje mpaka tukafika, na mimi nikakunja mkono wangu.

Kiti cha salon kina mwingine. Huyo mwingine amenenepa, kiti kimechukua umbo lake. Kwa hiyo show ile ikianguka kule, mtoto wangu ataanguka nayo mahali ambapo siwezi hata kufika na ufagio. Ananipigia Jumapili kabla ya kanisa, na mimi sisemi salamu.

"Inaenda?"

"Inaenda, mama. Wanasema inaenda."

"Wanasema. Yule wako wa Joburg anabandika vizuri?"

"Inaanguka. Noti kila siku inaanguka."

"Anabandika na vidole. Mwambie abandike na kiganja. Na wewe usijipake poda pale kwa paji, unafukuza jasho."

"Ndiyo mama."

"Na chini ya viti iko nini?"

"Mama, mimi niko mwimbaji, nitajuaje chini ya viti iko nini?"

Jumapili ile nilikaa vibaya. Pasta alihubiri, sikusikia. Meneja wangu hapa alikuwa ameleta show nyingine, ya watoto na paka, na paka wale hawakumaliza mwezi. Nilifagia viti safi siku nne, wakafunga.

Jumapili iliyofuata simu ikalia mapema, bado sijavaa viatu.

"Mama, jana baada ya show ya mchana nilishuka kule kwa viti. Nimeinama na nguo za kiwanda, wafagiaji wananicheka."

"Eh?"

"Iko makaratasi."

"Mistari ya mbele?"

"Mbele iko."

"Ya nyuma je? Mimi nakuuliza ya nyuma."

Akacheka. Nikamsikia anavuta pumzi, kama vile mimi nilikuwa navuta yangu nyuma ya ule ukumbi.

"Nyuma kabisa, mama, mpaka ukutani. Bonbon, popcorn, yote. Na kiatu kimoja cha mtoto."

Nikamwambia akirudishe kile kiatu kwa dirisha la tiketi, mama yake atarudi kukitafuta. Kisha nikavaa vyangu.